TAARIFA YA TAWI: UHALIFU HAUKUSHUSHWA NA FIMBO

*Kwa:* Wanachama wote wa Tawi
*Kutoka:* Ofisi ya Katibu Mwenezi wa Tawi
*Soma mpaka mwisho kabla ya kujibu. Usikate kipande ukakirusha kwenye magrupu mengine.*



Tangu Jumatatu kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya kata yetu. Wengi mmeisikia, wengine mmetutumia mara tatu tatu. Msemaji hatutamtaja, ni mwanachama mwenzetu na ni mzee wetu. Anasema mambo mawili. La kwanza, kwamba uhalifu Mwanza umepungua kuliko zamani, na kilichoupunguza ni fimbo: sungusungu walichapa, polisi walichapa, wezi wakaogopa. La pili, kwamba kwa sababu hiyo Jumamosi kwenye mkutano mkuu wa mtaa tupitishe azimio: kila kaya itoe Sh 5,000 kwa mwezi, sungusungu warudi na viboko vyao, na mtaa uandike orodha ya vijana wote wasio na kazi "ili wajulikane".

Watu wameshaanza kubandika vidole gumba. Kamati ya Tawi imekaa jana usiku mpaka saa tano, na msimamo tuliofikia ni huu: jambo la kwanza ni kweli nusu, jambo la pili ni hatari, na wanachama wetu *WASILIUNGE MKONO*.

Sababu tunazitoa hapa. Ni ndefu, mtuvumilie. Mzee wetu alirekodi dakika kumi na moja na mlimsikiliza.

Tuanze na lile tunalokubaliana naye. Mwanachama mwenye miaka 50 na kuendelea anakumbuka msimu wa pamba ulivyokuwa. Baba analipwa fedha taslimu, anazishona kwenye pindo la suruali, anarudi nyumbani kwa kujificha kama aliyeiba, na usiku ule ule mlango unavunjwa kwa jiwe la fatuma. Anakumbuka kusafiri kwenda Kigoma kupitia Biharamulo na Kibondo: basi linasimama, askari wenye bunduki wanapanda, ndipo porini kunaingiwa. Na si zamani sana, Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wetu, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi Kitangiri, hapa hapa Ilemela. Kama kamanda hakuwa salama, mwenye duka la rejareja Buhongwa angekuwaje?

Kwa hiyo anayesema hali ya leo ni afadhali, hatubishani naye. Ila tuwe makini na hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta Mkoa wa Mwanza una watu 2,772,509. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Wameongezeka zaidi ya laki tisa kwa miaka kumi. Matukio ya wizi yakibaki idadi ile ile, maana yake hatari kwa kila mmoja wetu imeshuka, hata kama karatasi inasomwa namba ile ile ya zamani. Na kinyume chake kipo. Mama aliyeibiwa kuku watatu haendi kituoni, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakula thamani ya kuku mmoja. Kwenye takwimu hayumo. Takwimu ikishuka inaweza kuwa wezi wamepungua, na inaweza kuwa watu wamechoka kuripoti. Ndiyo maana hapa tutazungumza zaidi juu ya mambo yasiyofichika: maiti, ng'ombe na mabasi kutekwa.

Sasa tuje kwenye fimbo.

Fimbo ilishajaribiwa Mwanza kuliko karibu mahali popote nchini. Mwaka 1976, mauaji ya wazee na wizi wa mifugo vilipozidi Mwanza na Shinyanga, Serikali iliendesha msako. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili waseme, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowakamata. Hakuna fimbo iliyowahi kuwa nene kuliko ile. Matokeo yake? Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu ya yale yaliyofanywa na watu walio chini yake, na si yeye peke yake aliyeng'oka. Yeye hakumpiga mtu hata kofi. Miaka minane baadaye akawa Rais. Viongozi wetu wa mitaa wanaotaka kugawa viboko wamkumbuke mzee huyo. Mtu akifa, anayejibu si mshika fimbo peke yake.

Na mauaji je, yalikoma? Hesabu iliyofanywa baadaye kwa miaka ya 1970 hadi 1984 ilikuta zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa wakiwa hapa Usukumani. Wengi wao wanawake. Msako wa 1976 umo katikati kabisa ya kipindi hicho.

Mzee wetu atasema: sawa, hao walikuwa polisi, mimi nasema sungusungu. Haya.

Sungusungu tunawaheshimu. Kuna wajumbe wa Kamati hii ambao baba zao walikuwemo. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya Kahama na Nzega, baada ya vita vya Kagera kumwaga silaha mitaani na uchumi kuanguka. Ng'ombe walikuwa wanaondoka kwa makundi. Serikali ilikuwa haina gari, haina mafuta. Wananchi wakajipanga wenyewe, na ndani ya miaka michache Usukuma yote ilikuwa na sungusungu. Wizi wa ng'ombe ulishuka kweli. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili wawe na mahali pa kusimama kisheria.

Lakini tujiulize, kitu gani hasa kilifanya kazi pale? Waulizeni wazee waliokuwepo, msisikilize sauti za WhatsApp. Ilikuwa *mwano*. Yowe likipigwa kijiji hiki, kila mwanaume anatoka, anafuata nyayo za ng'ombe mpaka mpaka wa kijiji cha pili, na pale wenzao wanapokea na kuendelea. Usipotoka unatozwa. Mwizi alikuwa na usiku mmoja tu wa kufika mbali, na mwano ulikuwa unamtangulia. Alichokiogopa ni *kukamatwa kwa hakika*. Kiboko kilikuja baadaye, kwa yule ambaye tayari amekamatwa, na mara nyingine kwa yule ambaye hakuiba kitu. Hayo ni mambo mawili tofauti na mzee wetu ameyachanganya. Mwizi anayejua atakamatwa hahitaji kuogopa kuvunjwa mguu. Mwizi anayejua hatakamatwa hajali hata ukimwahidi kitanzi.

Na sheria ile ya 1989 iliwapa uwezo wa kukamata. Kukamata, ndugu wanachama, siyo kuhukumu na siyo kuchapa.

Fimbo ya sungusungu ilifanya nini pale ilipotumika? Iliwafukuza bibi zetu. Kuna vijiji ambako dagashida ilikaa, kikongwe mwenye macho mekundu akaitwa mchawi, akapewa siku chache aondoke. Macho mekundu ya miaka sitini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi. Sitaki kuliremba hili. Chombo kile kile kilichorudisha ng'ombe kiliwatoa wazee roho, kwa sababu hakuna aliyekizuia kuhukumu.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu jambo la vikongwe linatufundisha kuliko jingine lolote. Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Miguel, alifanya utafiti wilayani Meatu, hapo jirani, akauchapisha mwaka 2005. Alichokuta: mwaka wa ukame mkubwa au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yanakuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayapandi. Na wauaji mara nyingi ni ndugu wa humo humo ndani. Someni tena taratibu. Njaa inaingia, chakula hakitoshi, na mtu ambaye hazalishi ndiye anageuka mchawi. Miguel akaandika kwamba mzee akiwa na pensheni, hata ndogo, anaacha kuwa mzigo, anakuwa mtu wa kutunzwa.

Mwaka 2012 TASAF ikaanza mpango wa kunusuru kaya maskini. Bibi anasaini, anapokea, ananunua unga, na mjukuu anamsindikiza siku ya malipo kwa upole wote duniani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu mauaji 765 ya imani za kishirikina nchi nzima mwaka 2013. Kufikia 2017 hesabu yao ilikuwa chini ya 400. Hatusemi ni TASAF peke yake. Kuna mahakama, kuna makanisa na misikiti, kuna redio, kuna mvua zenyewe. Lakini anayetaka kutuambia ni fimbo iliyowaokoa vikongwe, atuonyeshe ilikuwa mkononi mwa nani.

Hata mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino hayakwenda kwa amri. Zaidi ya 70 wameuawa nchini tangu mwaka 2000, wengi kanda hii ya Ziwa. Januari 2009 waganga walipigwa marufuku. Machi 2009 tukapiga kura za siri kuwataja wauaji. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama ikawatia watu hatiani kwa mara ya kwanza. Bado Desemba 2014 mtoto alichukuliwa Kwimba, na Februari 2015 mwingine Geita, na Januari 2015 katikati hapo waganga walipigwa marufuku *tena*, maana ile ya kwanza ilishasahaulika. Yamepungua, hayajaisha, Muleba mwaka 2024 walizika mtoto. Na sisi wanasiasa tusijifanye hatujui. Kila karibu na uchaguzi watu wanasema wateja wa waganga ni wagombea. Tawi hili halitampigia debe mgombea wa aina hiyo, awe amepewa baraka na nani.

Turudi kwenye wizi wa kawaida, nyumba kuvunjwa na watu kukabwa.

Aprili 2008 M-Pesa ilianza Tanzania. Wakafuata wengine. Leo mkulima wa Sengerema analipwa kwenye simu, mvuvi wa Ukerewe anamtumia mkewe hela kabla mtumbwi haujafika mwaloni, mwenye duka anamlipa msambazaji bila kupanda daladala na bahasha kifuani. Jambazi aliyekuwa anavunja mlango kwa fatuma anakuta nini ndani? Simu yenye namba ya siri. Hakuna kamanda wala balozi wa nyumba kumi anayeweza kudai hilo ni kazi yake. Lilikuja kibiashara, likaondoa noti kwenye magodoro yetu.

Ila pesa ilipohama, mwizi naye akahama. Sasa anamvizia wakala jioni akifunga kibanda. Sasa anatuma ujumbe: "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa anapiga simu na kujifanya wa mtandao. Wangapi humu mmepigwa? Mnyooshe mikono. Mtu huyo anaweza kuwa mkoa mwingine kabisa, amelala kwake, na orodha yetu ya vijana wa mtaani haitamgusa hata ukucha. Tunapendekeza kutumia Sh 5,000 za kila kaya kumlinda mtu dhidi ya mwizi wa mwaka 1995.

Silaha nazo zina habari yake. Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa takriban siku moja. Wengi wao walikuwa wanakimbia kifo, wala tusiwaite wahalifu, wao ndio walioporwa kwanza. Lakini vita vya Rwanda na Burundi viliacha bunduki zikauzwa kwa bei ya mbuzi, na zilitufikia. Burundi ilipotulia, bunduki zikaadimika, na mapori ya Biharamulo yakaanza kupitika. Mwaka 2019 sehemu ya mapori yale ikawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, watu wanalipa kwenda kuangalia twiga. Amani ya jirani imetulinda kuliko sungusungu wa kata kumi, na ilijadiliwa mezani, tena Arusha.

Na ziwani? Huko hatutawadanganya. Injini bado zinaibwa, nyavu bado zinakatwa usiku, muulizeni yeyote wa Kome au Ukara. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu kwa lengo la kulinda samaki, na samaki ni wetu sote, lakini kuna vijana waliorudi nchi kavu bila chombo na bila mtaji. Hakuna aliyewahesabu walikwenda kufanya nini. Hao hao leo mzee wetu anataka tuwaandike kwenye orodha.

Kuna jingine watu hawalisemi kwa kuwa halina kelele: shule. Sekondari za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004, na Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Kijana wa miaka 15, ambaye zamani angekuwa stendi anabeba mizigo na kujifunza kuchomoa pochi, yuko darasani mpaka saa tisa. Walimu hawatoshi, madawati hayatoshi, tumeshapiga kelele kuhusu hilo na tutaendelea. Lakini yuko darasani. Na barabara za lami zilizokuja na mradi wa miji ya kimkakati zilikuja na taa. Mkabaji hapendi taa. Sasa angalieni taa ngapi kwenye kata yetu zimekufa, na ni nani aliyeleta sauti ya dakika kumi na moja kuhusu hizo.

Msidhani ubishi huu ni wa kwetu tu. New York mwaka 1990 waliuawa watu zaidi ya 2,000. Mwaka 2017 chini ya 300. Meya Rudolph Giuliani alijipa sifa kwa polisi wake wakali. Tatizo ni kwamba mauaji yalianza kushuka kabla hajaingia ofisini Januari 1994, na Kanada uhalifu ulishuka miaka ile ile bila kujaza magereza kama Marekani. Wataalamu wanavutana mpaka leo. Kuna wanaosema ni risasi, na si ya bunduki: ile madini ya risasi iliyokuwa ndani ya petroli, inayoharibu ubongo wa mtoto akawa mtu wa hasira. Afrika yetu ya kusini mwa Sahara iliiondoa kwenye petroli kufikia Januari 2006. Mtoto aliyezaliwa Igoma mwaka ule alitimiza miaka 18 mwaka 2024. Kama wataalamu hao wako sahihi, na bado hawajakubaliana, basi sehemu ya utulivu wetu imeletwa na mafuta ya gari. Nani atakwenda kumpa kiboko medali?

Na onyo kwa wenzetu wa ndani. Kuna wanachama wameshaanza kuandika kwamba uhalifu umeshushwa na *chama*. Acheni. Tukijipa sifa uhalifu ukishuka, tujiandae kubeba lawama mvua ikikosekana na mambo yakageuka. Tuseme tulichofanya: tulipigania darasa lile, tulisimamia majina ya wazee TASAF, tulikataa machinga kufukuzwa bila kuonyeshwa pa kwenda. Yaliyoletwa na wengine tuwaachie wenyewe.

Sasa azimio la Jumamosi. Orodha ya wasio na kazi tunaipinga yote. Kijana wa namba moja kwenye orodha hiyo atakuwa mtoto wa mwanachama humu, aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri. Siku simu ikipotea, ataanza kupigwa yeye. Akifa, aliyemwandika atajificha wapi? Viboko tunavipinga vyote, sheria haimpi mtu wa mtaa uwezo huo. Mchango wa lazima tunaupinga mpaka mapato na matumizi ya mchango *uliopita* yasomwe hadharani. Mnajua tunazungumzia upi.

Ulinzi wa usiku tunaukubali. Tutapendekeza zamu kwa majina, kaya kwa kaya, bila kumbagua mwenye nyumba na mpangaji, na filimbi kwa kila kikundi, maana huo ndio mwano wa mjini. Anayekamatwa afikishwe kwa polisi kata kabla hakujakucha, akiwa mzima, na majina ya waliomkamata yaandikwe. Taa mbovu zihesabiwe na barua iende kwa mkurugenzi ikiwa na namba ya kila nguzo. Mwalimu mmoja wa tawi amejitolea kuwafundisha wazee jinsi ya kumtambua tapeli wa simu, Jumapili baada ya ibada.

Mzee wetu tulimtembelea jana kabla ya kuandika haya, shikamoo tulimpa na chai tulikunywa. Tumemwambia tutampinga mkutanoni kwa heshima. Amesema atasimama. Asitukanwe na mtu yeyote kwenye grupu hili, atakayefanya hivyo ataondolewa.

*Ijumaa saa 11 jioni:* kikao cha Tawi, ofisini. Mwenye hoja tofauti aje nayo huko.
*Jumamosi saa 3 asubuhi:* mkutano mkuu wa mtaa, uwanja wa shule ya msingi. Fikeni mapema, kura itapigwa kwa kunyoosha mikono na waliochelewa hawatahesabiwa. Mabalozi wawapitie wazee wasio na simu leo hii.

*Imetolewa na:*
Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi